Pini Arobaini

Pini arobaini za pembe ya ndovu:
nilihesabiwa asubuhi, nikazihesabu usiku.
Hiyo ndiyo kazi ya msusi katika nyumba ya Kaisari,
kurudisha.

Mimi Thalusa, niliyenunuliwa Smirna
pamoja na kioo cha shaba na mbuzi wawili,
nilikijua kichwa cha Kaetronia kuliko mumewe:
kovu dogo nyuma ya sikio,
mvi tatu nilizong'oa nikaapa hazikuwapo.
Mdomo hudanganya, hata machozi hudanganya.
Nywele hazijui siri.
Msuko wangu wa saa mbili ulirudi alfajiri
umefungwa fundo la mkono mgeni,
fundo la mtu aliyezoea kukaza mabomba.

Nikafumua, nikasuka upya.
Mtumwa ana masikio; ulimi ni wa bwana wake.

Jiji lote la Rumi likabuni jina.
Ukutani, karibu na mabafu, mtu akaandika kwa mkaa:

    Kaisari wa dunia, mataji amejivika,
    Majeshi humwinamia, mipaka inatanuka;
    Kitandani haramia, usiku ameshafika,
    Naye bwana asinzia, na taji linaanguka.

Askari wakapaka chokaa.
Kesho yake shairi lilikuwa pale pale,
limesahihishwa tahajia.

Ndipo Epafra akaja, katibu, mtumwa wa jana,
leo ana pete tatu na kikohozi cha kujitangaza.
Nilikuwa napasha chuma cha kukunjia nywele.
"Nipe pini moja," alisema.
"Nitazirudisha thelathini na tisa?"
"Utarudisha thelathini na tisa, na utakuwa huru."
Hakuniuliza mwizi wa usiku ni nani.
Jina alikuwa nalo tayari:
Hosidio Varo, seneta,
ambaye hakuinuka kitini Epafra alipopita.

Nikampa.
Sitasema mkono ulitetemeka. Haukutetemeka.

Ilipatikana chini ya mto wa Varo.
Shauri lilisikilizwa mezani, baina ya samaki na tini,
Kaisari akitafuna taratibu,
akiitazama pini kuliko alivyomtazama mke.
Varo aliapa kwa watoto wake
kwamba hajawahi kuugusa hata ukingo wa vazi lake.
Alikuwa anasema kweli.
Watu watatu mle ukumbini tulilijua hilo
na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kunyamaza.

Angeweza kumwokoa. Jina moja tu lingetosha:
Aufidio, mwangalizi wa mifereji ya maji,
mwenye vidole vilivyopasuka kwa chokaa,
asiye na ukoo wala adui.
Kaetronia aliishika pini, akaigeuza kwenye taa,
akaniona mimi mlangoni na beseni langu.
Kisha akajibu, "Ni yangu."

Usiku ule Varo alikata mishipa ndani ya bafu lake.
Maji yale ya moto yalimfikia kwa bomba
alilolitengeneza Aufidio wiki moja kabla.

Kaetronia akapelekwa kisiwani, kwenye mawe na mbuzi pori,
nywele zikiwa wazi. Hakuna aliyeniagiza nimsuke.
Nami nikapewa uhuru wangu, na kofia ya sufu
iliyonibana paji la uso.

Aufidio bado anapima maji.
Tukikutana mtaani hunipisha,
kama mtu anavyompisha mjane asiyemfahamu.

Na sanamu yake, ile ya sokoni?
Marumaru ni ghali, hawakuitupa.
Fundi alikwangua pua, akapunguza kidevu,
akamchonga humo humo mke mpya wa Kaisari.
Nywele aliziacha.
Wapita njia huinamia uso.
Mimi nazunguka nyuma, kwenye msuko wangu,
pale ambapo jiwe limetunza hesabu kuliko mimi,
nagusa moja moja kwa kidole:
arobaini.
Zote zipo.